Nimecheza Thunderstruck II mpaka mlango wa Thor ukafunguka, haya ndo niliyokutana nayo

Niseme ukweli, sloti (zile gemu za kamari za kuzungusha safu za picha) za Waviking mi nilikua nazipita tu. Kila ukifungua unakutana na midevu, mashoka na zile kofia za pembe (ambazo wenyewe wala hawakuvaa vitani, ni mambo ya mavazi ya jukwaani yaliyokuja karne ya 19), zinafanana zote, wanabadilisha jina tu. Hii nimeingia kwa sababu ya mshkaji mmoja aliyeniambia kuna sloti ya kizamani ina milango minne, kila mlango una mungu wake, na mlango hauufungui kwa hela, unaufungua kwa kurudi rudi. Nikasema ngoja nione.

Ni ya kampuni ya Microgaming, imetoka 2010, siku hizi iko chini ya kampuni ya Games Global, na kwa umri huo ukiiweka pembeni ya gemu mpya picha zake zinaonekana za mzee. Sijali sana. Safu ni 5, kila moja alama 3, mistari ya ushindi hamna, wanasema ina njia 243. Hiyo 243 ilinisumbua kichwa mpaka nilipokaa nikapiga hesabu, kumbe ni 3 mara 3 mara 3 mara 3 mara 3 basi, yaani alama ikifuatana kuanzia safu ya kushoto, iwe juu iwe chini iwe katikati, inahesabika. Dau linaanzia koini 30 kwa mzunguko, thamani ya koini unapanga mwenyewe. Alama ndogo ni namba na herufi za karata, juu yake kuna meli, kasri la miungu, halafu wenyewe wakubwa wa hadithi za Waviking, Valkyrie, Loki, Odin na Thor. Jina la gemu ndo waildi, linasimama badala ya alama nyingine na likichangia ushindi linaudabo. Nyundo ndo skata, yaani alama ya kufungulia bonasi.

Sasa nyundo. Zikitua 3 au zaidi, popote pale, unapelekwa ukumbini kwenye milango na hapo ndo gemu yenyewe inaanza, huko nyuma kote unakua unasubiri tu. Ukiingia mara ya kwanza mpaka ya nne unakuta mlango mmoja tu umefunguliwa, wa Valkyrie, mizunguko 10 ya bure na kila ushindi unazidishwa mara 5. Ukiingia mara ya 5 anakufungulia Loki, mizunguko 15. Mara ya 10 Odin, mizunguko 20. Mara ya 15 Thor, mizunguko 25. Na ukishafungua mlango hauufungi tena, kila ukirudi unachagua unaemtaka.

Ukisikia hivyo unaona rahisi, mara 15 si kitu, subiri ukae uanze kuhesabu. Mi kuna usiku mmoja nilikua nimeshaingia mara 9, imebaki moja tu nimuone Odin, nikajiambia nyundo zikija nalala. Nyundo zinatua mbili. Zinatua mbili tena. Naangalia safu ya tano inasimama kwenye herufi K. Simu imefika asilimia 4, nimelala ubavu kwa sababu waya wa chaji mfupi, na bado nabonyeza. Najua kabisa kwamba kila mzunguko unajitegemea, nyundo mbili za sasa hivi hazisogezi ya tatu hata kidogo, mashine inapiga namba zake za bahati nasibu kisha zile safu zinatuonesha picha tu, najua hayo yote na bado kidole kinaenda. Odin nilimpata kesho yake mchana, wala sikua nikimuwaza.

Na nikwambie ukweli Odin ndo bora kuliko wote, hata kuliko Thor. Wanatokea kunguru wawili wanaruka juu ya safu, wanaigeuza alama kua ya kuzidisha mara 2 au mara 3, wakikutana wote kwenye ushindi mmoja unapata mara 6. Hao kunguru wapo kwenye hadithi zenyewe, Huginn na Muninn, fikra na kumbukumbu, wanazunguka dunia nzima kisha wanarudi kumnong'oneza Odin walichokiona, kwa hiyo aliyeitengeneza hii gemu alikua amesoma kidogo. Loki ana uchawi wake unaotokea safu ya tatu, ukitua unageuza alama nyingine kua waildi, ila ana tabia kama za kwenye hadithi, leo anakupa skrini imejaa waildi, kesho mizunguko 15 yote inaisha kama kavu vile. (Mshikio wa nyundo ya Thor mfupi kwa sababu yake huyo huyo, alijigeuza nzi akamuuma mfua chuma akiwa kazini.) Thor mwenyewe ni alama zilizoshinda zinapotea, nyingine zinaanguka kuziba nafasi, na zikiunganisha tena kizidisho kinapanda, mwisho wake mara 5. Inapendeza kuangalia ila mi kiukweli, baada ya kusubiri mara 15 zote, nilitegemea radi zaidi ya hapo. Nilipoingia siku ya kwanza nilitoka na kama madau 22. Valkyrie alishawahi kunipa zaidi.

Kuna kitu kingine kinaitwa Wildstorm, hicho kinakuja bila hodi kwenye mizunguko ya kawaida. Unabonyeza, Thor anatokea, radi zinapiga na safu zinageuka waildi nzima nzima, inaweza ikapiga moja inaweza ikapiga zote 5. Mi zaidi ya tatu sijawahi kuona. Unaruka kitandani kabisa.

Kilichoniudhi ni sauti. Unaweka koini 30, inakurudishia koini 12, inapigwa shangwe namba zinapanda, ukiwa na usingizi unajiona mshindi kumbe umepoteza koini 18. Siku ya kwanza kuligundua hilo nilijisikia mjinga. Uingereza walishalikataza, tangu mwisho wa Oktoba 2021 sloti za huko mtandaoni haziruhusiwi kushangilia malipo yasiyozidi dau, na mzunguko lazima uchukue sekunde 2.5 angalau. Tangu hapo nazima sauti, na gemu inapoa sana, unaona salio kama lilivyo.

Tuje kwenye hela maana ndo mnaulizaga. Inaandikwa inarudisha asilimia 96.65. Watu wanaielewa vibaya hii, wanadhani ukiweka 100 utaondoka na 96 na ushee. Ni wastani wa mizunguko mamilioni ya watu wote, wewe peke yako kwa jioni moja unaweza ukaondoka na zero au mara mbili. Ila mi napenda kuipigia hesabu hivi: ukizungusha mara 10 kwa dakika, saa moja ni mara 600, kwa koini 30 umepitisha koini 18,000, ile asilimia 3.35 yao ni kama koini 603, sawa na madau 20 kwa saa. Hiyo ndo bei ya kuangalia kunguru. Mi nikiiona hivyo naweza kuamua kama nalipa au silipi, na kuna siku nyingi silipi, nacheza demo, ile ya majaribio isiyotumia hela.

Bonasi za kukaribisha nazo zipigie hesabu kabla hujashangilia. Mi nilipewa bonasi ya koini 1,000, masharti madau yangu yote yafikie bonasi hiyo mara 35 ndo nitoe. Mara 35 ni koini 35,000 unapitisha, kwa asilimia ile ile 3.35 wastani wa kupoteza ni koini 1,172. Yaani bonasi yenyewe haitoshi kulipia masharti yake. Nilikuja kuipiga hiyo hesabu nimeshamaliza, salio limekata, nikacheka mwenyewe.

Halafu kisa kilichonichoma. Maendeleo ya milango yanahifadhiwa kwenye akaunti yako, kwenye kazino hiyo hiyo. Mi sikulijua hilo. Nilikua nimefika mara 13, zimebaki mbili nifungue Thor, nikahamia kazino nyingine kwa sababu kule nilikokua walikua wananizungusha na vitambulisho siku sita kila nikitaka kutoa hela. Nafungua gemu, nyundo zinatua tatu, naingia ukumbini, Valkyrie peke yake anang'aa, waliobaki wamefungwa na kufuli. Nikaandika kwa huduma kwa wateja, akajibu mtu kwa heshima zote kwamba hawawezi kuhamisha. Nilikaa naangalia lile kufuli la Odin kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. Ikabidi nianze moja. Demo nayo hivyo hivyo kwangu, nikifunga ukurasa yote yanafutika.

Jambo la mwisho, dogo, ila mi ndo linanirudisha. Kila alama ukishaipata ya tatu, ya nne na ya tano kwenye jedwali la malipo inageuka dhahabu. Haina faida yoyote, haiongezi hata koini moja. Kwangu karata zote ni dhahabu, meli dhahabu, kasri dhahabu, Loki dhahabu. Valkyrie, Odin na Thor bado wananidai tano tano.