Nilivyotengenezewa gita la umeme la kwangu mwenyewe: uzoefu wangu

Miaka 11 nimepiga gita la solo kwenye bendi ya roki hapa Dar es Salaam, na miaka yote hiyo gita ni lilelile la mtumba, limeshabadilishwa kila kitu isipokuwa jina la kampuni pale kichwani. Mwaka jana nikasema basi, na mimi nitengenezewe langu. Fundi simtaji, kwa sababu humu nitamsifu na kumsema kwa wakati mmoja. Ni mzee seremala, riziki yake ni makabati na vitanda, magita anayafanya mteja akitokea.

Nilikwenda na mchoro. Nilikesha nao siku nyingi: pembe mbili kama za swala, weusi tii, mwili mzima wa mpingo. Mzee akautazama kama mtu anayesoma bili ya maji.

"Mpingo mwili mzima? Mwanangu, unataka kupiga gita au kubeba kinu?"

Mpingo huzama majini, jamani. Mwili peke yake ungevuka kilo 4 kabla ya shingo na vyuma. Tukakubaliana mwili uwe mninga, shingo mkangazi, na mpingo ubaki kwenye ubao wa vidole, pale ambapo ugumu wake una kazi kwa sababu nyuzi na kucha husugua kila siku. Gita limetoka kilo 3.8. Nasimama nalo saa mbili na bega halinuni.

Mchoro wangu hakuugusa tena siku ile. Alichukua chaki, akanipaka kiganja cha kulia na ubavu wa kidole cha mwisho, akaniambia nipige gita langu la zamani "kama unavyopiga jukwaani, si kama unavyopiga dukani ukijaribu." Baada ya nyimbo tatu gita lilikuwa na ramani nyeupe. Kumbe kila nikishuka na nyuzi kidole kinagonga kitufe cha sauti na kukizungusha kidogo. Miaka yote sauti yangu ilikuwa inafifia katikati ya wimbo, na mimi namlaumu fundi mitambo! (Kaka, kama unasoma, samahani.) Kitufe kikashushwa sentimita 3, na swichi ya pikapu, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, ikapanda juu. Kama ungeniuliza kilichonifanya nimpende mzee huyu, ni chaki ile.

Maana tukisikia gita lililotengenezwa kwa jina la mwanamuziki fulani, akili inakimbilia saini na rangi. Hata mimi. Lakini angalia yale yaliyodumu. Brian May wa Queen, bendi ya Freddie Mercury wetu mzaliwa wa Unguja, alianza kutengeneza lake na baba yake mwaka 1963, shingo ikatoka kwenye mbao za meko ya zamani na springi zikatoka kwenye pikipiki. Hakuwa na jina lolote wakati huo, alikuwa mwanafunzi asiye na pesa ya kununua gita. Tom Morello wa Rage Against the Machine, bendi ya roki ya Marekani, ambaye baba yake ni Mkenya, naye gita lake lilitolewa na kampuni ya magita ya Fender mwaka 2020 likiwa na swichi ya kukata sauti, kwa sababu mtindo wake wa kukatakata mlio kama DJ hauendi bila kitu cha namna hiyo. Hilo nililiiba waziwazi, ila mimi nikataka kitufe cha kubonyeza. Ukikibonyeza, mkondo unakwenda ardhini na gita linakuwa bubu, ukikiachia, linaongea. Kwa Brian May niliiba pia wazo la vifungo vya nguo kama alama za shingoni. Yeye alivichukua kwenye kisanduku cha ushonaji cha mama yake. Mama yangu aligoma kabisa, nikaenda kuvinunua Mtaa wa Kongo.

Sasa tufike kwenye maumivu. Shingo ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, nikaipiga picha kabla sijaipiga. Nikapiga. Nyuzi tupu ziko sawa, natyuni vizuri, halafu nikipanda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) mlio uko chini ya noti inayotakiwa. Si chini ya kumshtua mpita njia, lakini pamoja na kinanda meno yanakufa ganzi.

Nafasi za freti hazikadiriwi kwa jicho. Unachukua urefu wa uzi, kwangu milimita 648, unaugawanya kwa 17.817, hapo ndipo inapokaa freti ya kwanza. Urefu uliobaki unaugawanya tena kwa namba ileile, na kuendelea. Ukifanya hivyo, ya 12 inaangukia nusu kamili, milimita 324. Mzee alifundishwa kugawanya kwa 18, hesabu ya zamani inayoingia kichwani kirahisi. Kwenye freti ya kwanza tofauti haifiki nusu milimita, huioni. Lakini inajikusanya kama riba, na ukifika ya 12 umepungukiwa milimita 2 na ushei.

Akaniambia tusogeze daraja, kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi, mbele milimita 5, itajificha. Nilikasirika, nikaona ananizuga. Baadaye nimekaa na kikokotoo nikakuta hakuwa anazuga, freti zingeangukia karibu na mahali pake. Ila matundu ya daraja yalishatobolewa, na kuziba tundu kwenye mninga uliokwisha kusuguliwa ni kovu la maisha. Tukaachana kila mtu kanuna. Asubuhi yake akapiga simu: "Njoo na hiyo namba yako." Nikamwandikia vipimo vya freti zote 22, kila kimoja kikianzia kwenye kijino cha juu, pale nyuzi zinapopita karibu na kichwa, ili kosa lisirithishwe, akachonga shingo nyingine bila kunidai hata mia. Ile ya kwanza hakuitupa. Anaisubirishia gita ambalo daraja lake bado halijatobolewa, na atakayelinunua hatajua kitu.

Muda: aliahidi miezi 2, ikawa 7. Miezi miwili kati ya hiyo namsamehe, kwa sababu masika ilikuwa imeingia na alikataa katakata kupuliza vanishi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, vanishi hupata ukungu mweupe chini kwa chini. Miezi mingine ilikuwa makabati ya watu. Ukienda kwake, nenda umejua kwamba harusi ikitangazwa mtaani, kitanda cha bwana harusi kinatangulia gita lako.

Umeme ndio sehemu dhaifu. Pikapu aliniletea binamu kutoka Dubai, lakini waya zilichomewa hovyo, na chini ya taa za tyubu gita lilivuma kama nyuki. Nililipeleka kwa kijana fundi redio, akabandika karatasi ya shaba ndani ya matundu yote na kuiunganisha ardhini, elfu 40, kelele ikapungua sana.

Jumla ya kazi na mbao nimelipa milioni 1.4, vyuma na pikapu mbali. Kwa pesa hiyo ungepata gita zuri la kiwandani, likiwa limetyuniwa, siku hiyohiyo. Mwanafunzi namwambia anunue hilo. Anayejua tayari mkono wake unagonga wapi, aende kwa mzee, alipe nusu tu kwanza, apeleke vipimo vya freti vimeandikwa, na kazi ya waya ampe mtu mwingine. Pembe za swala nilizipata, ila moja imekatwa fupi, maana chaki ilionyesha kwamba ingenizuia kufika freti ya 22.