Gold Crown ipi ununue? Pima pua ya raba kabla ya kutoa pesa

Meza yangu ya kwanza ya pool, ya futi tisa, niliinunua hapa Columbus, Ohio, kutoka kwa muuzaji wa meza kuukuu ambaye jina lake nitalisitiri. Ilikuwa Brunswick Gold Crown III, bei dola 2,600, na sifa aliyoirudia kila nilipovuta pumzi ni kwamba raba za kingo zilikuwa mpya kabisa. Jioni ya kwanza nilipiga mpira mweupe kwa nguvu ya kawaida. Ulifika ukingoni, ukaruka juu ya mbao, ukaangukia sakafu ya saruji. Kwa wikiendi mbili nilihangaika na pima maji nikidhani jiwe lililo chini ya kitambaa, yaani sleti, halijalala sawa, wakati jiwe la watu halikuwa na kosa lolote. Tangu niusimulie mkasa huo nimepokea malalamiko ya wasomaji yanayofanana mno, na yote yanaanza na maneno yale yale: raba mpya.

Kwa hiyo sitapoteza muda kueleza kwamba sleti iwe na unene wa inchi moja au kwamba miguu isitikisike, kwa sababu hayo kila muuzaji anayajua na kila mnunuzi anayauliza. Jambo lisiloulizwa ni urefu wa pua ya raba, yaani ile ncha inayogusana na mpira, kutoka juu ya kitambaa. Kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huu zinataka pua iwe kati ya asilimia 62.5 na 64.5 ya kipenyo cha mpira, na kwa kuwa mpira una milimita 57.15, pua inapaswa kuwa kati ya milimita 35.7 na 36.9 hivi. Ikiwa chini ya hapo, mpira unapopigwa kwa nguvu hurukaruka. Ikiwa juu mno, raba huukandamiza mpira kwenye kitambaa na mwendo wake hufa. Yangu ilikuwa milimita 34. Fundi wa awali alikuwa amegandisha raba ya umbo moja kwenye mbao iliyochongwa kwa ajili ya umbo jingine, na kosa hilo hutokea mara nyingi, kwa sababu raba za K-66 na K-55, ambazo ni maumbo mawili tofauti, hazikai kwenye mbao kwa namna moja hata kama dukani zinaonekana ndugu.

Nenda na rula ndogo ya chuma, upime kingo zote sita, kila moja katika sehemu tatu. Kisha piga mpira mweupe kwa nguvu kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa urefu wa meza: ukingo mzuri huuwezesha kutembea angalau urefu wa meza mara nne hadi nne na nusu bila kuruka. Ukisikia kishindo kizito badala ya sauti kavu, bolti za ukingo huo zimelegea, nalo ni tatizo dogo la nusu saa na spana. Mwisho omba kuinama uitazame mbao ya ukingo kwa chini, mahali pini za kitambaa zinapopigwa, kwa maana meza iliyobadilishwa kitambaa mara nyingi katika kumbi za kuchezea huwa na mbao iliyotafunwa hadi haishiki pini tena.

Sasa nizipange, na sioni haya kukiri kwamba mimi ni mtu wa Brunswick. Kampuni hiyo ilianzishwa Cincinnati mwaka 1845 na John Brunswick, mhamiaji kutoka Uswisi aliyekuwa akitengeneza magari ya farasi, na Gold Crown ya kwanza ilitoka mwaka 1961. Ya II na ya III zilifuata katika miaka ya 1970. Pamoja na yote yaliyonipata, nafasi ya kwanza naipa Gold Crown III, kwa kuwa zilijaa katika kumbi za Marekani kwa miaka mingi, vipuri vyake havisumbui, na mafundi wazuri wanaijua mbao yake kama kiganja cha mkono. Ya pili ni Gold Crown I: vyuma vyake vya pembeni ni vizito na vya kupendeza, ila nyingi zimepita katika mikono ya mafundi wengi, na kila mkono umeacha raba yake. Gold Crown II ilidumu muda mfupi. Ukiikuta na vipimo vyake viko sawa, ichukue bila kusita.

Nafasi ya tatu ni ya Diamond, kampuni iliyoanza mwaka 1987, na najua wapenzi wake watanikaripia. Nilizozipima hazikuwa na tatizo la pua, lakini tazama rangi ya lebo: zile za zamani zenye lebo nyekundu zinajulikana kwa kurudisha mpira kwa pembe fupi kuliko inavyotarajiwa, kasoro iliyorekebishwa kwenye zenye lebo ya bluu. Gold Crown IV naiweka ya nne. Centennial, iliyotengenezwa kuadhimisha miaka 100 ya Brunswick, ni nzuri kuliko zote kwa macho, na ndiyo sababu bei yake haihusiani tena na kucheza.

Meza za mbao za kushindiliwa zinazouzwa kwenye maduka makubwa hupinda zikipata unyevu, basi.

Kinachoniudhi zaidi ni bei. Mwenye meza iliyolala gereji miaka ishirini huandika kwamba ni ya kale na ya thamani, akaongeza dola elfu moja kwa ajili ya vumbi, halafu gharama ya kuihamisha inakuangukia wewe. Sleti ya futi tisa ina vipande vitatu, kila kimoja kama kilo 90, kwa hiyo huwezi kuwaita mashemeji Jumamosi mkaibeba kama kabati. Unamlipa fundi aifungue, aipange, azibe viungo kwa nta ya nyuki. Mimi nililipa dola 600 kwa kazi hiyo, kisha 450 za raba sahihi na kuchonga mbao upya, na kitambaa cha kingo, ambacho nacho kilikuwa kipya, kikabanduliwa na kutupwa. Nilipomwandikia muuzaji na kumtumia picha ya rula ikionyesha milimita 34, alinijibu kwa mstari mmoja kwamba raba zilikuwa mpya kama alivyoahidi, akaambatanisha risiti ya kuzinunua.