The African Queen katika diski iliyokarabatiwa: mto uliorudishiwa rangi yake

Kwa miaka mingi niliamini kwamba filamu ya The African Queen ina rangi ya chai ya maziwa. Nakala ya kwanza niliyoiona ilikuwa mkanda wa video wa baba yangu mkubwa, ambao ulikuwa umechezwa mara nyingi mno hata nyuso za waigizaji na maji ya mto vikakaribia kuwa kitu kimoja. Ya pili niliinunua katika duka moja la mjini, ambako muuzaji aliniapia kuwa ni nakala halisi. Nilipofika nyumbani nikakuta picha imevutwa ubavuni ili ijaze kioo chote cha runinga, mwigizaji Humphrey Bogart ametuna mashavu na boti imekuwa fupi na pana kama karai. Diski ninayoitathmini hapa ni kitu kingine kabisa. Ni toleo la Paramount lililotoka Marekani mwezi Machi 2010, kwa DVD na kwa Blu-ray, baada ya filamu kukarabatiwa kutoka kwenye negativu zake za asili, yaani kanda zilizopitia kamerani, na ndiyo mara ya kwanza filamu hii iliuzwa rasmi kwa DVD katika soko la Marekani, zaidi ya miaka 58 tangu ionyeshwe mara ya kwanza mwezi Desemba 1951.

Kwa asiyeijua, kisa chenyewe kinaanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Rose Sayer, aliyeigizwa na Katharine Hepburn, ni mwanamke wa makamo anayemsaidia kaka yake mchungaji katika misheni ya Kimethodisti kando ya mto. Vita vinapozuka, kijiji kinachomwa moto, kaka yake anapigwa na baada ya siku chache anafariki, na Rose anaondoka na Charlie Allnut, aliyeigizwa na Bogart, fundi mlevi mwenye boti ya mvuke, wateremke mto Ulanga uliojaa maporomoko hadi ziwani, ambako Rose amekusudia kuizamisha manowari ya Wajerumani kwa topido (mabomu ya majini) za kujitengenezea wenyewe. Mwongozaji ni John Huston, na kisa kinatokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Zaidi ya hapo sitasimulia, kwa kuwa uzito wa filamu hauko katika matukio bali katika namna watu wawili wasiopatana wanavyozoeana ndani ya boti ambayo mtu hawezi hata kumgeuzia mwenzake mgongo.

Nianze na picha, maana ndiyo sababu kubwa ya kununua toleo hili. Kamera ya Technicolor, mfumo wa kutengeneza filamu za rangi wa wakati ule, haikuwa na filamu ya rangi ndani yake. Ilibeba kanda tatu za rangi nyeusi na nyeupe zilizokwenda pamoja nyuma ya mche wa kioo ulioigawa nuru, kila ukanda ukinasa sehemu yake, nyekundu, kijani au buluu, na rangi zenyewe zilipatikana baadaye maabara, pale kanda hizo zilipotumika kuchapa rangi moja baada ya nyingine juu ya filamu moja, kwa namna inayofanana sana na kanga inavyochapwa kiwandani. Kila aliyewahi kununua kanga iliyochapwa vibaya anajua kinachotokea rangi moja ikikosa mahali pake hata kwa unene wa uzi: pindo huota kivuli na ua hupoteza umbo. Ndivyo ilivyozipata filamu nyingi za aina hii. Kanda tatu huzeeka na kusinyaa kila mmoja kwa kiasi chake, na kadiri miaka inavyopita haziwezi tena kulala sawasawa. Katika ukarabati huu kila ukanda ulisomwa peke yake kwa ubora wa juu sana wa picha, uitwao 4K, kisha kompyuta ikaurudisha juu ya wenzake fremu baada ya fremu, madoa na mikwaruzo ikaondolewa, na matokeo yake yanaonekana tangu dakika ya kwanza, pale kamera inapopita chini ya matawi ya msitu na kwa mara ya kwanza nikaweza kutofautisha jani lililo juani na jani lililo kivulini.

Ninapenda kulikazia jambo hilo kwa heshima ya mpigapicha Jack Cardiff, aliyeifanya kazi yake katika mazingira yasiyohurumia chombo wala mtu. Sehemu ya filamu ilipigwa mwaka 1951 katika Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki, na sehemu nyingine Uganda, kwenye eneo la Butiaba kando ya Ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison. Kamera hiyo kubwa na nzito haikuweza kuwekwa ndani ya boti ndogo, kwa hiyo ilipandishwa juu ya chelezo, jenereta ikapewa chelezo chake, na msafara wote ukavutwa mtoni kwa kamba, ukipita kona ambazo chelezo cha nyuma hakikuzitii kila mara. Boti yenyewe ilizama na ikabidi iopolewe. Karibu kila mtu aliugua isipokuwa Huston na Bogart, ambao wenyewe walisema kinga yao ilikuwa wiski, ilhali Hepburn, aliyekunywa maji kwa bidii, aliugua tumbo kuliko wengi. Ile sehemu ya mwanzo anapopiga kinanda kanisani, uso ukiwa umelowa jasho na macho yakitazama mbali, ilipigwa akiwa mgonjwa hasa, ndoo ikiwa imewekwa karibu naye. Katika mkanda wa baba mkubwa nilimwona mwanamke anayepiga kinanda tu. Katika diski hii nauona mdomo ulivyopauka.

Usafi huo una gharama yake, na sitaificha. Si kila kilichomo kilipigwa Afrika. Robert Morley, aliyeigiza kaka mchungaji, hakuwahi kuondoka Uingereza, na vipande vingi ambavyo waigizaji wamo ndani ya maji vilipigwa katika tangi la studio ya London kwa kuhofia magonjwa ya mtoni. Zamani ukungu wa nakala mbovu uliyafunika maungio hayo yote. Sasa mtazamaji makini ataona mahali ambapo mto ulio nyuma ya Bogart ni picha iliyorushwa ukutani, kwa sababu mwanga wa usoni mwake unatoka upande mmoja na jua la mtoni linatoka mwingine, na ataona pia kwamba katika baadhi ya maporomoko boti ni kiboti kidogo cha mfano. Wapo marafiki zangu wapenzi wa sinema za zamani wanaosema ukarabati wa namna hii unaiharibu filamu kwa kuivua nguo hadharani. Sikubaliani nao. Kuona maungio kumenifanya nithamini zaidi vile vipande ambavyo havina maungio, ambavyo ndivyo vingi: matete yanayoinama boti inapopita, kiboko anayetumbukia majini, moshi wa boila unaopanda polepole kwa kuwa hewa imesimama.

Tukija kwenye uigizaji, kila tunapokutana kuzungumza sinema za enzi hiyo ubishi huu hurudi: je, Bogart alistahili tuzo yake ya Oscar? Filamu iliteuliwa kuwania tuzo nne, za mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mwandishi wa mchezo, na ni Bogart pekee aliyeondoka na ushindi, akimshinda Marlon Brando wa A Streetcar Named Desire. Ilikuwa tuzo yake ya kwanza na ya mwisho. Wanaomtetea Brando wanasema tuzo ilikuwa ya kumshukuru mzee kwa kazi za nyuma. Mimi huwaomba waitazame tena sehemu ya chai. Charlie ameketi mezani kwa mchungaji, kofia kaivua, nguo zake zina mafuta ya mashine, na tumbo lake linaanza kunguruma kwa sauti. Kaka na dada wanajifanya hawajasikia. Linanguruma tena. Bogart, ambaye kwa miaka kumi alikuwa ameigiza wanaume wasiotikiswa na bastola, anapepesa macho kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni, anajaribu kucheka, anasema mtu angedhani kuna fisi ndani yake, kisha anagundua kwamba hakuna atakayecheka naye. Hakuna hata neno moja la kujieleza pale ambalo lingeweza kufanya kazi iliyofanywa na macho yale.

Hata hivyo, ningeulizwa tuzo impasayo hasa, ningempa Hepburn. Inaelezwa, naye mwenyewe aliandika hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu utengenezaji wa filamu hii, kwamba mwanzoni alimwigiza Rose kwa uso mkavu wa huzuni, mpaka Huston alipomshauri amwigize kama Bi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani Franklin Roosevelt, alipokuwa akiwatembelea askari majeruhi hospitalini, yaani kwa tabasamu la mtu aliyeamua kutokata tamaa mbele ya watu. Ukishalijua hilo unaliona kila mahali. Unaliona anapomwaga chupa za jin mtoni moja baada ya nyingine huku Charlie akimsihi, na tabasamu halipo mdomoni bali katika jinsi anavyozishika chupa, kwa utulivu, kama mtu anayemwagilia maua. Unaliona baada ya maporomoko ya kwanza, nywele zimemshika usoni, anapokiri kwamba hakuwahi kujua kuwa mwili unaweza kufurahi kiasi kile.

Kwetu sisi filamu hii ina undani mwingine ambao mtazamaji wa Marekani hawezi kuujua. Manowari ya kubuni ya Forester ina ndugu yake wa kweli katika Ziwa Tanganyika: Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina ambalo kila mtu wa mwambao wa ziwa lile analijua, Liemba. Baba mkubwa amesafiri na Liemba mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Nilipomwonyesha diski hii alinikatiza mapema: "Mwanangu, huo Ulanga wanaousema hauendi ziwani." Alikuwa sahihi. Mto Ulanga tunaoujua hupeleka maji yake Rufiji na hatimaye Bahari ya Hindi. Mwandishi alichukua jina na kulitia katika jiografia yake mwenyewe, jambo ambalo riwaya inaruhusiwa kulifanya, ingawa kwa mzee wa Kigoma liliuma kidogo.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Wanakijiji wa mwanzo wa filamu, wale wanaoimba wimbo wa dini wasioujua maneno yake na kisha kugombania kipande cha sigara alichokitupa Charlie, hawana jina hata mmoja. Askari waliochoma kijiji nao hawana. Baada ya dakika chache za mwanzo, Mwafrika anatoweka karibu kabisa katika filamu inayobeba jina la Afrika, na mto unabaki kama hauna watu. Picha iliyosafishwa imeufanya upungufu huu uwe mzito zaidi, kwa sababu sasa nyuso zao zinaonekana waziwazi: yupo mzee mmoja katika safu za kanisani ambaye macho yake yana mashaka na udadisi kwa wakati mmoja, na kamera inampita kama inavyopita nguzo. Ninaipenda filamu hii kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kulinyamazia jambo hilo.

Kuhusu vilivyomo zaidi ya filamu yenyewe, ipo filamu ya maelezo ya karibu saa moja inayosimulia safari nzima ya Kongo na Uganda, nayo nimeitazama mara tatu. Sauti ni ya mkondo mmoja kama ilivyokuwa asili yake, safi, ingawa katika maporomoko maji huyazidi maneno. Hakuna tafsiri ya Kiswahili ya maandishi chini ya picha, kwa hiyo nilipotazama na wazazi ilinibidi nitafsiri kwa mdomo, na Kiingereza cha Charlie, aliyegeuzwa kuwa Mkanada ili Bogart asilazimike kuiga lafudhi ya London, si chepesi.

Anayetaka kununua azingatie mambo mawili. Kwanza, DVD huwekewa namba ya eneo la dunia inakouzwa, na ya Marekani imefungwa kwa eneo la 1, ilhali sehemu kubwa ya Afrika imewekwa katika eneo la 5, hivyo ahakikishe mashine yake inasoma maeneo yote kabla ya kulipa. Pili, picha ya filamu hii ni ya umbo linalokaribia mraba, na kwenye runinga za siku hizi ni lazima iwe na nafasi nyeusi kushoto na kulia; anayeuziwa nakala isiyo na nafasi hizo airudishe dukani. Mimi nimeagiza nakala ya pili. Baba mkubwa ameniomba nimpelekee Kigoma pamoja na mashine ya kuichezea, na ameshawaahidi wazee wenzake wa bandarini kwamba watanyamaza wote hadi boti itakapofika ziwani.