Uzoefu wangu wa kulala Plockton, kijiji cha pwani katika Nyanda za Juu za Uskoti

Mwezi Juni nilifikia katika nyumba ya wageni inayoendeshwa na familia moja huko Plockton. Kwa anayekwenda huko, napendekeza treni ya kutoka Inverness kuelekea Kyle of Lochalsh, na akae upande wa kulia, kwa kuwa baada ya kituo cha Strathcarron reli huambaa na ukingo wa Loch Carron, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, hadi maji yanaonekana kama yako chini ya dirisha.

Chumba kilikuwa kidogo, safi, na ghali kuliko ukubwa wake. Nilichokilipia hasa ni mandhari: nyumba za mawe zilizoizunguka ghuba, kasri la Duncraig ng'ambo, na ufukweni miti ambayo mtu wa Pwani angeapa kuwa ni minazi michanga. Asili yake ni New Zealand, nayo hustawi hapo kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki hupunguza makali ya baridi. Maji yakikupwa, mashua hulala ubavu kwenye matope na unaweza kutembea hadi kisiwa kilicho karibu, mradi uwe umeuliza saa ya maji kujaa.

Kijiji hiki kilipangwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya uvuvi wa heringi, wakati ambapo wakulima wengi wa Nyanda za Juu waliondolewa mashambani kupisha kondoo. Heringi waliadimika, reli ikafika mwaka 1897, na leo wapo wanaotega kamba wa baharini kwa madema, lakini wageni ndio riziki kubwa. Kando ya milango mingi niliona visanduku vidogo vya funguo vyenye tarakimu, alama ya nyumba inayokodishwa kwa siku. Mama mwenye nyumba alituambia kwamba kijana anayeanza maisha hapati nyumba ya kununua. Nami, nikiwa mmoja wa wageni hao, sikuwa na la kumjibu. Hata hivyo vijana hawajatoweka, kwani shule ya sekondari ya hapo ina kituo cha muziki wa jadi kinachopokea wanafunzi kutoka sehemu mbalimbali za Uskoti.

Visubi ni kero kubwa jioni upepo ukitulia, na usiku wa kwanza tulikula biskuti kwa sababu kila mahali pa chakula palikuwa pamejaa. Nitarudi, ila mwezi Mei, kabla visubi havijazidi, na meza ya chakula cha jioni nitaiwekea nafasi siku ileile ninayolipia chumba.