Kuzuia PDF isiprintiwe: nenosiri au leseni?
Ukiuza noti zako kwa PDF asubuhi, jioni zinaweza kuwa zinatolewa kopi steshenari za jirani na chuo cha Mlimani. Kuna njia mbili za kulibana hilo.

Nenosiri la ruhusa huacha faili lifunguke kwa yeyote, ila kuprinti kumezimwa, au kunaruhusiwa kwa ubora hafifu tu. Mnunuzi hahangaiki. Tatizo ni kwamba katazo hilo ni ombi kwa programu inayosoma faili. Kompyuta ikishaonyesha ukurasa, imeshayafungua maandishi. Programu isiyojali masharti inaprinti bila kuuliza, na vijana wa steshenari hawakosi moja.

Leseni ya kidijitali kama Readium LCP (mfumo wa kulinda vitabu vya kielektroniki) hufunga maandishi yenyewe na inaweza kuweka kikomo: kurasa 10, basi. Lakini mnunuzi lazima apakue programu inayoielewa, na akikwama atakupigia wewe, hata saa nne usiku. (Kamera ya simu ya pili hakuna inayoizuia.)

Kwa noti za shilingi 5,000 ningeweka nenosiri, na jina la mnunuzi kila ukurasa. Leseni ningeiachia kitabu kizima.