Egemeo la bhajan kwa fundi wa Mabatini: nyota tatu

Nilimchorea fundi kwenye kipande cha boksi: mti mmoja umesimama, mwingine umelala juu yake, basi. Akautazama mchoro, akanitazama mimi. "Pole dada, nani kavunjika mguu?" Kumwelewesha kwamba sitaki gongo la mgonjwa kulichukua nusu saa, na nadhani mpaka leo hajaamini.

Ni kijiti cha kuegemea chenye umbo la T, Wahindi wanakiita bairagan. Katika Radha Soami, njia ya kiroho kutoka India ninayoifuata, tafakuri huishia na bhajan, na hapa sisemi nyimbo za hekaluni, nasema kusikiliza. Unachuchumaa, viwiko unaviweka juu ya ule mti, vidole gumba vinaziba masikio, unaitegea Shabd, sauti ya ndani, upande wa kulia. Wapo wanaosimulia kengele na baragumu. Kabla ya hapo kuna simran, kurudia kimoyomoyo majina matano ambayo siyataji, ndivyo tulivyoahidi. Yote pamoja ni saa mbili na nusu kila siku. Chuchumaa dakika kumi bila pa kuegemea, utajua kwa nini nilimtafuta seremala.

Naam yenyewe, yaani kupokelewa katika njia hii na kufundishwa tafakuri, haina ada, haiuzwi. Gharama yake iko jikoni: hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna samaki. Hakuna samaki, Mwanza! Mama yangu Ukerewe bado ananitumia sato, akisema samaki si nyama. Mume wangu anawapokea kwa mikono miwili, mimi najilia michembe yangu na karanga. Kwa hiyo mfukoni kilichoniuma ni hiki kijiti tu: shilingi 18,000, mti wa msonobari. Mninga alitaka 40,000.

Kazi ya mkono ni nzuri. Randa imepita sawasawa, na kingo za juu kazipiga msasa zikawa mviringo bila kuambiwa, viwiko haviachwi na alama. Skrubu mbili na gundi, nikaegemea kwa uzito wangu wote (kilo hamzipati) na hakikulia hata kidogo.

Kimo ndicho kilichotukosanisha. Mimi ni fundi cherehani, futi iko shingoni kutwa. Nilijipima nimechuchumaa, kutoka sakafuni hadi kiwikoni, sentimita 52, nikamwandikia. Akaleta 60. "Nimekuongezea dada, fupi halipendezi." Mabega yakanipanda hadi masikioni kama kunguru aliyenyeshewa. Kukipunguza hakunitoza kitu, ila "njoo kesho" zilikuwa nne.

Halafu vanishi. Kaipaka nzito, na nilipokichukua ilikuwa haijakauka vizuri, mikono ya gauni ikawa inanasa. Na harufu! Macho umefumba, masikio umeziba, pua ndiyo imebaki kazini. Wiki nzima nilitafakari vanishi.

Mguu wa kijiti ni mmoja, na nyumba yangu iko juu ya mawe, sakafu imeinamia ziwani. Siku ya kwanza kiliteleza, nikaenda nacho hadi mlangoni. Nilikata soli ya kandambili, nikaipigilia chini kwa misumari midogo. Sasa kimetulia.

Jirani aliniuliza kama kinazuia kelele. Hakizuii, si kazi yake. Naamka saa kumi alfajiri, na bado kuna mbwa na pikipiki, na baadaye honi ya meli ya Bukoba, ile inapenya hata dole gumba. Nilimlalamikia mzee mmoja wa satsang, mkusanyiko wetu wa mafundisho, akacheka. "Baba Jaimal Singh alikuwa askari," akasema, "unadhani kambini kulikuwa kimya?" Baba Jaimal ndiye aliyekuja kuweka makazi ya njia yetu ukingoni mwa mto Beas, Punjab, mwaka 1891. Mwalimu wake, Shiv Dayal Singh, alianza kufundisha hadharani mwaka 1861 mjini Agra, na Agra nayo si kijiji. Sikuwa na jibu.

Kuna mwenzangu wa Nyakato anataka cha kwake. Nimempa namba ya fundi, nikamwambia mambo mawili: asimame pale pale kinapokatwa, na akichukue kikavu, vanishi atapaka mwenyewe. Yeye ni mrefu. Huenda zile 60 zingemfaa.