Om ya shaba kutoka Kisutu: kabla hujalipa, angalia nukta

Nimenunua Om mbili (silabi takatifu ya Wahindu, na alama yake) za kutundika ukutani ndani ya wiki moja, na kwangu hakuna hata moja. Zilikuwa za familia ya jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Upanga, Dar es Salaam, bibi wa Kigujarati ambaye jengo zima tunamwita Ba. Mwanawe amehamia fleti mpya, ikawepo shughuli ya kuingia nyumba, nami sikutaka kwenda mikono mitupu. Mimi ni Mwislamu, nesi, mzaliwa wa Tanga. Nilichokuwa nakijua kuhusu Om ni kwamba inafanana na tarakimu 3 iliyoota mkia.

Duka lenyewe liko Kisutu, kule kwenye mahekalu. Jina silitaji kwa kuwa nina lawama. Ukiingia unapokewa na harufu ya ubani, halafu taa za udongo zimepangwa hadi kwenye ngazi, shanga za rudraksha zinaning'inia kama vitunguu. Muuzaji mstaarabu, hana haraka. Nikachagua ya shilingi 45,000, kubwa kama sahani ya wali. Akaniambia ni shaba ya Moradabad, mji wa Uttar Pradesh unaosifika India nzima kwa kazi za shaba ya njano.

Nyumbani nikaichukua sumaku ya kwenye mlango wa friji, nikaibandika. Ikanasa. Shaba hainasi sumaku, hilo hata mwanangu wa darasa la sita analijua. Nilikuwa nimeuziwa bati lililopakwa rangi ya dhahabu.

Nikamshushia Ba anishauri. Habari ya bati haikumshtua. Alivaa miwani, akaenda moja kwa moja juu, pale penye kimwezi na nukta. Fundi alikuwa ameiyeyusha nukta ikakaa ndani ya kimwezi, vimegandana kama kikombe na kisosi. Ba akaguna. "Binti, nukta imempanda mwezi. Nani kaipandisha?"

Sikuelewa kosa. Akachukua kalamu, akanichorea nyuma ya risiti ya umeme. Tumbo kubwa la chini, akasema, ni mtu akiwa macho. Mkunjo unaotoka kwenda kulia ni mtu akiota. Wa juu ni usingizi mzito usio na ndoto. (Hizo tatu sisi wa zamu ya usiku tunazijua kwa majina ya wagonjwa.) Kimwezi ni maya, pazia la vitu vinavyoonekana kuwa ndivyo kumbe sivyo. Na nukta ni turiya, neno la Kisanskriti lenye maana ya "ya nne" tu, kwa sababu hali yenyewe haina jina lingine la kutosha. Ndiyo maana nukta haigusi chochote. Pazia liko chini yake, na hizo hali tatu ziko chini ya pazia. Ukiigandisha na kimwezi umemwambia mwenye nyumba kwamba hakuna pa kutokea.

Hapo nikaona kumbe nimeuziwa kosa la imani, siyo la fundi peke yake.

Kwa vile mimi ni mbishi, usiku ule nikatafuta chanzo. Mafundisho ya hali nne yamo kwenye Mandukya Upanishad, andiko la kale la Kihindu, fupi ajabu, aya 12 basi. Linaanza kwa kusema Om ndiyo yote haya, yaliyokuwako, yaliyopo na yatakayokuja. Kisha linagawa sauti: A ni kuwa macho, U ni ndoto, M ni usingizi, na ya nne haina herufi, ni kimya kinachobaki ukishafunga mdomo. Mikunjo, kimwezi na nukta havitajwi humo hata kidogo. Tafsiri ya mchoro imeongezwa na watu baadaye. Asubuhi nikamshukia Ba na ugunduzi wangu kama wakili. Akanitazama, akaendelea kuchambua mchele. "Sasa sauti utaitundikaje ukutani?"

Sikuwa na jibu. Badala yake akanifundisha kuitamka, na hapa sisi Waswahili tuna bahati. Herufi ni tatu lakini unasikia "om" kwa sababu A na U za Kisanskriti zikikutana zinakuwa O, kama wa-ingi inavyokuwa wengi. Ile M ya mwisho nayo haihitaji irabu. Ni ile ile unayoianza nayo ukisema mtu au mke, ila huisukumi mbele, unaiacha itetemeke puani mpaka iishe yenyewe. Kimwezi na nukta, chandrabindu, katika maandishi ya Kihindi ni alama ya sauti kupita puani.

Nikarudi dukani na sumaku mkononi. Pesa hakurudisha, alikubali kubadilisha tu, niongeze 20,000. Nilinung'unika, nikaongeza. Wakati akifunga mzigo nikamsimulia ya Ba na hali nne. Akatabasamu, akasema yeye ni Mjaini, dini nyingine ya India, na wao Om wanaihesabu kwa tano: A ya Arihanta aliyeshinda tamaa zake, A ya Ashariri aliyevuka mwili, A ya Acharya kiongozi wa watawa, U ya Upadhyaya mwalimu wao, M ya Muni, mtawa. Daraja tano za kuheshimiwa ndani ya silabi moja. Basi ukisikia mtu anasema "alama ya Wahindi" ujue hajauliza Mhindi yupi.

Ya 65,000 ni mali. Nzito, sumaku inateleza, kingo zimesuguliwa hazikwaruzi kidole, na nukta imesimama peke yake, imeshikwa kwa nyuma na bamba jembamba ambalo kwa mbele hulioni. Ba aliipitishia kidole kwenye ile nafasi kati ya nukta na mwezi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kikaratasi cha ndani ya boksi kichaneni. Kinadai Om inaleta wateja dukani, inafukuza mikosi, na inatetema kwa hezi 432 (mitetemo kwa sekunde) zinazoponya presha. Presha naipima kila siku kazini na hiyo tiba sijaiona. Nikamsomea Ba, akauliza hezi ni nini, nikamweleza, akacheka mpaka akashika mbavu.

Jambo moja la kuangalia ukimpelekea mtu zawadi hii: usiitundike mwenyewe. Kwenye shughuli nilikuwa naelekea kuiweka juu ya kabati la viatu, mlangoni, nikidhani naipa heshima ya kupokea wageni. Mkwe wa Ba akanishika mkono kwa upole. Om haikai karibu na viatu wala miguu. Ikaenda ukuta wa mashariki, juu ya kijimadhabahu chao.

Naipa nyota nne ile ya 65,000, na moja ile ya bati, tena kwa ajili ya boksi lake. Skrubu zinazokuja nayo ni fupi, hazishiki ukuta wa zege. Nunua za inchi mbili na plagi zake. Ikianza kufubaa isugue kwa ukwaju uliolowekwa, ndivyo afanyavyo Ba, halafu ufute ukwaju wote kule nyuma ya nukta, maana ukibaki unaacha kijani.